Silverton, Ouray au Telluride: ulale wapi ukienda kuona majani ya vuli Colorado?

Kila Septemba ikifika katikati, jamaa wa Denver na Aurora huniuliza swali moja: tukienda kuona majani huko kusini-magharibi, tulale mji gani? Miji yenyewe ni mitatu, na kwenye ramani imekaribiana. Yote ilizaliwa miaka ya 1870 kwa ajili ya madini ya fedha na dhahabu, yote imejificha kwenye milima ya San Juan, na picha zake zinafanana: mtaa mmoja mpana, majengo ya matofali ya zamani, mlima mkubwa nyuma yake, na miti ya aspeni iliyogeuka manjano. Ukiangalia picha peke yake utadhani ukilala popote ni sawa. Si sawa hata kidogo.

Nimeizunguka njia hiyo vuli nne, mara moja nikiwa na mama yangu alipokuja kututembelea kutoka Mbeya. Nimelala miji yote mitatu. (Nasema vuli kwa kuzoea tu. Kwetu vuli ni mvua, huku ni majani kupukutika, na mara nyingine theluji ya kwanza juu ya majani yenyewe.) Majani ni yale yale kote. Kinachotofautisha miji hii ni namna kila mmoja ulivyoishi na mgodi wake baada ya madini kuisha. Silverton wameuacha mgodi wazi, na vidonda vyake vyote. Ouray wana maji ya moto, na mgeni anakwenda kwanza kuoga, mengine baadaye. Telluride wamegeuza bonde zima kuwa mali ya watu wenye uwezo. Ukishajua wewe unatafuta kipi kati ya hivyo, nusu ya uamuzi umekwisha.

Barabara kwanza

Kati ya Silverton na Ouray kuna kilomita 37 hivi za barabara namba 550, ile inayoitwa Million Dollar Highway. Sehemu yake ya kwanza ilichongwa miaka ya 1880 na Otto Mears, mhamiaji aliyezaliwa katika Milki ya Urusi, ambaye aliweka geti juu ya maporomoko ya Bear Creek na kutoza ushuru kila aliyepita. Barabara inapanda hadi mita 3,358 pale Red Mountain Pass, kisha inateremka ndani ya korongo la mto Uncompahgre. Sehemu kubwa ya korongo hilo haina kingo za chuma pembeni. Huo si uzembe. Wakati wa baridi magari ya kusukuma theluji lazima yapate mahali pa kuimwaga, na mahali pekee ni bondeni. Kando ya njia kuna mnara wa kumbukumbu wa madereva wa magari hayo waliofukiwa na maporomoko ya theluji wakiwa kazini. Simama pale, usome majina.

Sasa sikiliza jambo ambalo wengi hawaambiwi. Huku tunaendesha upande wa kulia. Ukitoka Ouray kwenda Silverton, upande wako ndio wa genge. Tairi la kulia linapita karibu kabisa na hewa tupu. Ukitoka Silverton kwenda Ouray, wewe uko upande wa ukuta wa mlima. Tofauti ni kubwa mno kwa dereva mwenye woga na kwa abiria anayeangalia dirishani. Kwa hiyo mtu wa Denver anayekwenda mara ya kwanza namshauri azungukie kusini: ashuke na barabara namba 285, avuke Wolf Creek Pass, apite Pagosa Springs, alale Durango. Ni saa sita na nusu hivi za kuendesha. Kesho yake apande Silverton, kisha Ouray, na kurudi nyumbani kwa Montrose na Gunnison. Atakuwa amepita korongo akiwa upande salama.

Kushuka, weka gia ndogo uiache injini ishike gari. Aliyewahi kushuka mlima Kitonga kule Iringa nyuma ya lori lenye mzigo hahitaji kuelezwa breki zilizochemka zinavyonuka. Wenyeji wakikufuata nyuma kwa haraka, ingia kwenye sehemu ya kupumzikia, wapishe waende zao.

Mama alijifunga kitenge kichwani tulipoanza kuteremka na hakusema neno mpaka tulipoziona paa za Ouray. Nikamuuliza, "Mama, umeogopa?" Akanijibu, "Mwanangu, njia ya Chunya enzi zetu ilikuwa hivi hivi. Ila ile ilikuwa na ukungu, huoni chini." Babu yangu alikwenda Chunya wakati wa mbio za dhahabu za Lupa miaka ya 1930, kwa hiyo kwetu habari za miji iliyojaa watu ghafla na kubaki mitupu si hadithi ya mbali.

Silverton: mgodi bado uko mezani

Silverton uko mita 2,840 juu ya usawa wa bahari na una watu 600 hivi. Ndio mji pekee katika kaunti yake. Mtaa wa Greene una lami, mitaa mingine karibu yote ni vumbi. Mchana, watu wanajaa kwa sababu treni ya moshi kutoka Durango imefika: reli ya mwaka 1882, kilomita 73, mwendo wa saa tatu na nusu kando ya mto Animas. Reli zenyewe zimeachana milimita 914 tu, nyembamba kuliko hata ile ya mita moja ya Reli ya Kati, maana kwenye kona za milimani reli pana isingegeuka. Ilijengwa kubeba mawe ya madini kushuka nayo. Ukitaka kuipanda wakati wa majani, weka nafasi miezi kadhaa kabla.

Kosa la wageni wengi ni kudhani wameuona Silverton kwa sababu treni iliwapa saa mbili za kula na kununua fulana. Mji huu unaanza treni ikishaondoka. Barabara inakuwa tupu, harufu ya kuni inatoka kwenye mabomba ya paa, na mlima wa upande wa pili unashika jua la mwisho. Ndipo unaposikia mto.

Nenda Old Hundred, mgodi wa dhahabu uliofungwa ambao siku hizi unapokea wageni. Kitreni cha umeme kinakuingiza nusu kilomita ndani ya mlima Galena, na humo ndani ni nyuzi 9 hivi mwaka mzima, basi chukua koti hata kama nje kuna jua. Kiongozi wetu aliwasha mashine ya kutobolea miamba kwa sekunde chache. Kifua kizima kilitetemeka. Halafu akatueleza kwamba mashine za kwanza za aina ile zilitoboa kwa ukavu, zikitoa vumbi la mawe laini kama unga, nalo liliganda kwenye mapafu ya kijana mwenye nguvu mpaka akafa akikohoa kabla nywele hazijapata mvi. Wachimbaji waliziita watengeneza wajane. Dawa ilikuwa rahisi: kupitisha maji katikati ya chuma cha kutobolea, vumbi ligeuke tope. Nilimtafsiria mama maneno hayo kwa sauti ya chini. Aliyekaa karibu na wachimbaji anakijua kikohozi hicho. Hata sasa, mahali pengi kwetu watu wanashuka kwenye duara, yaani shimo la mgodi, bila maji wala barakoa ya maana.

Nje kidogo ya mji kuna karasha la Mayflower, kiwanda cha kusaga mawe ya madini, lililojengwa 1929 na kufanya kazi hadi 1991, mwaka uleule mgodi mkubwa wa Sunnyside ulipofungwa. Nguzo za waya uliokuwa ukileta ndoo za mawe kutoka juu mlimani bado zimesimama, na marudio, yaani mabaki ya mawe yaliyosagwa, yamelala kando ya barabara kama vilima vya unga wa kijivu. Sunnyside nao una habari yake. Tarehe 4 Juni 1978 ziwa dogo la Emma lililokuwa juu ya mgodi lilipasua sakafu yake na kumwagika lote ndani ya mahandaki. Maji na tope vilipita kwa nguvu ya ajabu vikibeba mashine. Hakuna aliyekufa, kwa sababu siku hiyo ilikuwa Jumapili na mgodini hakukuwa na mtu. Juu ya mji kuna sanamu ya Yesu iliyowekwa 1959 kwa ajili ya wachimbaji, na ukizungumza na wazee wa pale hawana shaka nani aliwalinda.

Mwaka 2015 mambo hayakwenda hivyo. Tarehe 5 Agosti, wakandarasi wa shirika la serikali kuu la mazingira walikuwa wakifukua mdomo wa mgodi wa Gold King, ukapasuka, na zaidi ya lita milioni 11 za maji yenye metali yaliyokuwa yamekusanyika ndani zikaingia kijito cha Cement Creek na kisha mto Animas. Mto uligeuka rangi ya chungwa. Maji hayo yalishuka hadi New Mexico na nchi ya Wanavajo, ambako wakulima walifunga mifereji yao ya kumwagilia. Mwaka uliofuata eneo hilo liliingizwa kwenye orodha ya kitaifa ya sehemu za kusafishwa. Ninalieleza kwa urefu kwa sababu mtu akiangalia Cement Creek leo, ukingo wake mwekundu ukipita chini ya aspeni za manjano, anaweza kupiga picha akidhani ni pambo la vuli. Ule ni mgodi unaotoa jasho lake bado.

Kasoro za Silverton ni za kweli. Usiku wa mwisho wa Septemba huganda. Sehemu za kula ni chache, na Oktoba ikiendelea zinapungua zaidi. Ukifika bila nafasi ya kulala unaweza kujikuta unaendesha usiku kurudi Durango, kilomita 77, ukivuka milima kwa njia za juu za Molas na Coal Bank gizani. Usifanye hivyo.

Ouray: kwa magoti ya wazee na watoto wanaolia

Ukishavuka Red Mountain Pass, kabla ya korongo, tafuta kituo cha kutazamia mabaki ya Red Mountain Town. Kule chini msituni umesimama mnara wa mbao wa mgodi wa Yankee Girl, uliogunduliwa 1882. Mgodi huo ulikuwa na fedha tele, lakini maji yake yalikuwa na asidi kali kiasi cha kula mabomba na pampu za chuma. Asidi ileile, pamoja na kutu ya milima yenyewe, ndiyo inayoipaka rangi mito ya huku. Hapa ndipo, kwa jicho langu, vuli ya San Juan inapopendeza kuliko kote: mlima mwekundu juu, manjano katikati, na mbao nyeusi za mgodi chini.

Ouray wenyewe umekaa kwenye kikapu cha miamba, mita 2,375, watu 900 hivi. Ndani ya mji miamba ni mingi kuliko aspeni, kwa hiyo aliyekuja kwa majani tu atapanda gari asubuhi, kurudi juu au kwenda Dallas Divide. Faida yake ni maji. Bwawa la manispaa limefunguliwa tangu 1927, na maji yake yanatoka ardhini yakiwa ya moto bila ile harufu ya kiberiti. Mama aliingia na gauni lake la kuogea, akakaa kimya nusu saa, mvuke ukipanda na jua likishika kilele cha mlima. Baadaye alisema yamemkumbusha maji moto ya Songwe, ila hapa wameyawekea ngazi. Magoti yake, yaliyokuwa yakimsumbua tangu Durango, yalimwacha alale usiku ule.

Jina la mji ni la Ouray, kiongozi wa Waute, na hili lisipitwe. Milima yote hii ilikuwa yao. Mkataba wa Brunot wa 1873 uliwaondolea San Juan kwa sababu ya madini. Ouray alifariki 1880, na mwaka uliofuata watu wake wakahamishwa kwa nguvu kwenda Utah. Mji ukabaki na jina, wenyewe wakaondoka.

Makumbusho ya Ouray yamo kwenye jengo lililokuwa hospitali ya wachimbaji ya St. Joseph, ya miaka ya 1880, iliyoendeshwa na masista. Ya Telluride nayo yamo kwenye hospitali ya wachimbaji, ya 1896. Ya Silverton yamo kwenye jela ya 1902. Miji mitatu ya utajiri, na majengo imara yaliyobaki ya kuhifadhia kumbukumbu ni hospitali mbili na jela moja. Ukiwa na muda wa makumbusho moja tu, ingia ya Ouray. Vyumba vya wagonjwa vimebaki vyumba, na unapita kutoka kimoja hadi kingine kama muuguzi wa zamu.

Hapohapo utasikia habari za Thomas Walsh, mhamiaji wa Ireland, aliyepima tena mawe ambayo wengine waliyatupa wakitafuta fedha, akakuta dhahabu. Mgodi wake wa Camp Bird, wa 1896, ulimtajirisha akauuza kwa mamilioni ya dola mwaka 1902, na binti yake ndiye baadaye aliyemiliki almasi maarufu ya Hope. Bei ya madini ya fedha ilikuwa imeanguka mwaka 1893 na miji mingi ya milimani ikafa. Ile iliyopata dhahabu ilipona. Ndiyo sababu leo una mji wa kulala hapa.

Telluride: nenda mchana, urudi kulala kwingine

Kutoka Ouray hadi Telluride kwa ndege wa angani ni karibu kilomita 16. Kwa barabara ni 80, maana unauzunguka mlima wote kupitia Ridgway. Chini ya ardhi mambo yalikuwa tofauti: mahandaki ya mgodi wa Idarado yaliunganisha upande wa Red Mountain na upande wa Telluride. Lakini usiyaonee huruma mafuta yako. Njia hiyo inapita Dallas Divide, na mlima Sneffels, mita 4,315, unakaa mbele yako na mashamba ya aspeni miguuni pake. Fika pale saa ya kwanza ya jua. Watu watakuwepo na kamera zao. Salimia, chukua nafasi yako.

Telluride ni mzuri kupita kiasi. Bonde limefungwa mwisho kwa ukuta wa miamba, na maporomoko ya Bridal Veil, mita 111, yanaanguka hapo yakiwa na jengo la kituo cha umeme cha 1907 juu kabisa. Mji huu na umeme wana undugu wa zamani: mwaka 1891, pale Ames karibu na mji, umeme wa mkondo geu (AC) ulizalishwa kwa maji na kupelekwa mgodini, miongoni mwa mara za kwanza duniani teknolojia hiyo kutumika kiwandani. Sababu yake ilikuwa kuni. Miti iliyo karibu na migodi ya juu ilikuwa imekwisha, na kupandisha makaa ya mawe kwa nyumbu kulikuwa kunawafilisi wenye mgodi.

Kuna pia habari ambayo maduka hayaitangazi sana kama ile ya jambazi Butch Cassidy kuvamia benki mwaka 1889. Mwaka 1903 wafanyakazi wa makarasha waligoma wakidai siku ya kazi ya saa nane. Gavana akaleta wanajeshi. Wanachama wa chama cha wachimbaji wakakamatwa, wakapakiwa kwenye treni na kufukuzwa mjini, na waliojaribu kurudi walizuiwa. Fikiria kufukuzwa kwenye mji uliouchimba kwa mikono yako. Kisha tembea leo kwenye mtaa mkuu, soma bei kwenye vioo vya maduka ya nyumba, uone ni nani anayeweza kulala hapa. Wapishi na wasafishaji wengi wanaishi mbali na kuja kwa basi kila alfajiri. Uwanja wa kuteleza kwenye theluji ulifunguliwa 1972, Idarado ukafungwa 1978, na tangu hapo madini ya Telluride yamekuwa ardhi.

Kwa hiyo ushauri wangu: njoo asubuhi, panda gondola, kile kibanda kinachoning'inia kwenye waya, ambayo ni bure. Inaunganisha mji na Mountain Village juu ya mlima kwa dakika 13 hivi, na kwa kuona majani kutoka juu hakuna kitu kinachoizidi katika miji hii mitatu, hasa kwa mtu asiyeweza kutembea milimani. Ila angalia tarehe: kwa kawaida Oktoba ikielekea mwisho husimama mpaka msimu wa theluji uanze. Angalia pia matamasha. Septemba mji una wikendi ambazo huwezi kupata hata pa kuegesha. Ukishatembea, ukala, ukapiga picha, rudi Ridgway au Ouray ukalale kwa bei ya kibinadamu. Anayepaswa kulala Telluride ni yule anayetaka migahawa mizuri na matembezi ya usiku mjini, na ana pesa ya kufanya hivyo bila kuhesabu.

Kabla hujabuki: damu yako na urefu wa milima

Hili naliandika kwa ajili yetu sisi hasa. Denver uko mita 1,609. Kulala Silverton ni kuongeza zaidi ya mita 1,200 juu ya hapo. Kichwa kuuma, usingizi wa mang'amung'amu na kichefuchefu usiku wa kwanza ni kawaida. Kunywa maji, acha pombe, tembea taratibu. Mtu akianza kukosa pumzi akiwa amekaa au kuchanganyikiwa, teremka naye mara moja, usisubiri kuche.

Lakini kama nyumbani kwako kuna mwenye selimundu, usimpeleke huko kabla ya kuzungumza na daktari wake, kwa sababu upungufu wa oksijeni unaweza kumletea maumivu makali na hatari. Hata aliyebeba kinasaba kimoja tu, ambaye huko Dar au Mombasa hakuwahi kuumwa, anaweza kupata tatizo la bandama kwenye milima mirefu. Maumivu makali ya ubavu wa kushoto, chini ya mbavu, si gesi ya chakula, nenda hospitali. Kwetu watu wengi wamebeba kinasaba hicho bila kujua. Ukiwa na wasiwasi, au una mjamzito au mzee mwenye moyo dhaifu, kati ya miji hii Ouray ndio wa chini kabisa, na Durango ni chini zaidi.

Lini, na kama huna siku nne

Wiki ya mwisho ya Septemba hadi siku za mwanzo za Oktoba ndio wakati wake. Juu hugeuka kwanza, kisha rangi inashuka. Ukikuta Molas imekwisha, shuka kuelekea Durango utaikuta. Angalia pia jambo moja zuri: aspeni hazigeuki mti mmoja mmoja. Kichaka kizima mara nyingi ni mti mmoja uliochipua kutoka mizizi ileile, kwa hiyo ukoo huu unakuwa manjano, ukoo wa jirani bado ni kijani, na mstari kati yao unauona kama mpaka wa shamba. Kikonyo cha jani lake ni bapa, ndiyo maana linacheza hata bila upepo wa kutajika. Upepo mkubwa wa usiku mmoja unaweza kuyamaliza yote.

Mwenye siku moja asijilazimishe kwenda San Juan. Georgetown uko karibu na Denver, una treni yake ya mwaka 1884 inayojizungushia juu ya daraja kwenda Silver Plume, na barabara ya Guanella Pass inapanda hadi mita 3,557 katikati ya aspeni. Jumamosi usiende, nenda siku ya kazi. Mwenye siku mbili aende Leadville, mita 3,094, kisha avuke Independence Pass kwenda mji wa Aspen kabla theluji haijaifunga njia.

Na aliye Denver asiyeweza kwenda popote, apande hadi Central City mchana mmoja. Kasino zimejaa tangu 1991 na zimeubadilisha mji, lakini pale ndipo alipoishi Clara Brown, mwanamke aliyezaliwa utumwani mnamo 1800, akatengwa na mume na watoto wake kwa kuuzwa. Alipopata uhuru alikuja Colorado mwaka 1859 akiwapikia wasafiri, akawafulia wachimbaji nguo, akaweka akiba, akanunua nyumba na hisa za migodi, akaitumia mali yake kusaidia watu walioachiwa huru kuja kuanza maisha huku. Alimtafuta binti yake Eliza Jane miaka mingi, akampata 1882. Clara alifariki 1885. Ndani ya jumba la opera la mji kuna kiti chenye jina lake.

Kwa familia yenye siku nne, hivi ndivyo ningepanga mimi: usiku wa kwanza Durango, wa pili Silverton, wa tatu Ouray, na Telluride mchana kabla ya usiku huo wa tatu. Ikibidi ukate mji mmoja, kata Telluride. Na ukiwa na watoto wadogo sana, badilisha, usiku miwili Ouray na Silverton mchana tu, japo itaniuma.

Asubuhi ya kuondoka Silverton tulipanda makaburini Hillside. Homa ya mafua ya mwaka 1918 iliondoa karibu mtu mmoja kati ya kumi wa mji ule ndani ya wiki chache, na wengi walizikwa pamoja kwenye handaki moja. Mama alipita polepole akisoma mawe, Waitalia, Waswidi, vijana wa miaka 24, 27, 31, akiwatamka majina kwa namna yake, majani ya manjano yakiwa yamewaangukia. Nilimwita mara tatu ndipo akaja kwenye gari. Tulipofika Denver nikamuuliza, tukirudi tulale wapi. Akasema Silverton. Upande wa chini wa makaburi yale hakuumaliza.